Mifuko Kumi na Tisa

Mwaka ule kila kitu nyumbani kwetu kilikuwa kimechoka. Baba alikuwa amechoka, shangazi Biret alikuwa amechoka, na pikipiki yetu ya theluji ilikuwa ikikohoa kila ilipowashwa. Hata mbwa wetu, mgeni akija, alibweka mara moja tu kisha akarudi kulala. Mimi, Risten, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliamini kwamba hakuna aliyechoka kunizidi.

Yote yaliletwa na mvua. Najua kuna nchi ambako mvua ni neema. Kwetu Luspe, kaskazini kabisa mwa Sweden, mvua ikinyesha mwezi wa Januari ni balaa tupu. Inanyesha juu ya theluji, inaganda, na ukiamka ardhi yote imekuwa ngumu kama sakafu ya saruji. Kulungu wetu wa theluji, ndio mifugo yetu, hula uoto mweupe ulio chini ya theluji hiyo. Mwaka ule walikwangua kwa kwato mpaka wakachoka, wasiupate. Ikabidi baba na shangazi wawapelekee chakula kwa magunia, kila siku, pasipo Jumapili wala sikukuu.

Kulungu wenyewe wakaipenda barabara kuu. Ilikuwa imekwanguliwa theluji, na mnyama mwenye njaa hupenda njia nyepesi kama mtu tu. Hapo ndipo inapoingia mifuko myeusi.

Kando ya barabara zetu huchomekwa fito ndefu, ili dereva ajue ukingo uko wapi theluji ikifunika kila kitu. Kulungu wakiwa karibu, wenye mifugo hufunga mifuko myeusi ya plastiki kwenye fito hizo. Dereva wa kwetu akiiona hapunguzi mwendo kidogo tu, anatambaa. Kulungu wakihamishwa, mifuko hutolewa siku hiyohiyo. Sisi tulikuwa na mifuko kumi na tisa, na kazi ya kuifunga na kuifungua ilikuwa yangu.

"Usiache hata mmoja wakiondoka," baba aliniambia siku aliponikabidhi kazi hiyo. "Dereva akikuta mfuko bila kulungu mara tatu, mara ya nne hatautazama. Mfuko usiseme uongo, Risten."

Kazi yangu ya pili ilikuwa wageni. Mama alikuwa akiwatunza wazee kwenye makao ya mjini, akirudi jioni. Tulikuwa na nyumba ndogo ya mbao uani tuliyoipangisha kwa wasafiri, na kwa kuwa mama hayupo mchana, mimi ndiye niliyewapokea. Mama aliandika karatasi yenye mambo kumi na moja ya kuwaeleza. Nikishaeleza jambo moja naliwekea alama ya vema kwa kalamu, naenda linalofuata, na mwisho mgeni anatia sahihi.

Jamani, mambo yale nilikuwa nayasema hata usingizini. Vueni viatu mlangoni. Gari lichomekeni waya wa umeme mkilala, la sivyo asubuhi injini haitawaka. Msiguse chuma kwa mkono wenye maji, ngozi itabaki pale. Simu iwekeni kifuani, baridi inaiua. Msikanyage barafu ya ziwa pale mto unapoingilia. Mgeni mmoja alicheka aliposikia habari ya chuma, akaenda kujaribu kwa ulimi. Mama alimnasua kwa maji ya uvuguvugu, na kwa siku tatu alikula uji.

Jambo la tisa lilikuwa mifuko myeusi.

Jumatano ile, siku moja kabla ya soko kubwa la majira ya baridi huko Jokkmokk, nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri kupakia magunia. Kisha nikaenda shule. Saa tisa alasiri, jua likizama, wageni wakafika kutoka Italia. Bwana Tullio alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, mnene, mwenye kicheko cha karibu. Mkewe, mama Ornella, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na alikaa mezani na daftari lake tayari kuandika.

Nikaanza kuwaeleza. Nilipofika jambo la sita, bwana Tullio akanikatiza.

"Na nyinyi mna kulungu wangapi?"

Swali hilo kwetu haliulizwi. Ni kama kumwuliza mtu ana fedha kiasi gani benki. Nikamjibu anavyojibu baba.

"Wako upande huu wa mti na upande ule wa mti."

"Mti upi?" akauliza mama Ornella, akainuka kuchungulia dirishani.

Siku nyingine ningecheka. Siku ile niliona tu kwamba watanichelewesha. Miguu iliniuma, tumbo lilinguruma, na kitanda changu kilikuwa kikiniita ng'ambo ya ua. Nikaharakisha la saba, nikalisema la nane nusu, kisha nikashika kalamu na kuyatia vema yote yaliyobaki.

"Ndiyo hayo tu?" mama Ornella akauliza.

"Ndiyo hayo tu," nikasema. "Weka sahihi hapa."

Akaweka sahihi. Nililala kabla ya chakula cha jioni, na sikuota kitu.

Kesho yake shule ilifungwa kwa ajili ya soko. Baba na shangazi walikwenda mjini kuchukua chakula cha kulungu, wakaliacha kundi limepumzika kwenye msitu wa karibu na barabara.

"Tutarudi saa tisa," baba alisema, akivaa kofia huku macho yamefumba. "Mifuko yote ipo?"

"Yote ipo."

"Basi naweza kwenda."

Katika kundi lile alikuwepo Gabba. Gabba alikuwa wangu, mwenye alama yangu masikioni, mtoto wa jike niliyepewa siku niliyobatizwa. Alikuwa jike mweupe pe, na jina lake lina maana hiyo. Alivaa kengele shingoni, na alikokwenda yeye wengine walifuata. Alikuwa na mimba. Kulungu mweupe kwenye barabara nyeupe, wakati wa mwanga hafifu, dereva hamwoni mpaka awe ameshachelewa. Wakati mwingine niliwaza jambo hilo nikiwa shuleni, nikashindwa kusoma.

Saa saba na nusu wageni walirudi kutoka matembezini. Mama Ornella alikuwa amekumbatia rundo jeusi kifuani, uso umemng'aa kwa furaha.

"Angalia," akasema. "Nchi safi namna hii, halafu watu wanatupa mifuko ovyo. Imenaswa kwenye fito barabara nzima. Tumeikusanya yote. Niziweke wapi taka hizi?"

Nikaihesabu kwa macho. Kumi na tisa.

"Mnaiweka wapi?" akarudia.

"Nipe mimi," nikasema. "Asanteni."

Sasa nitasema ukweli, kwa sababu ndio maana ya hadithi hii. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Baba alikuwa na namba za madereva wote wa malori ya magogo. Ningempigia, angewapigia, na kwa dakika tano kila dereva angejua kwamba kulungu bado wapo. Lakini baba angeuliza, "Kwani hukuwaeleza wageni?" Na karatasi ilikuwa jikoni, ina vema zangu kumi na moja. Nikaona ni afadhali nirudishe mifuko kimyakimya, hakuna atakayejua.

Nikachukua sleji yetu ya kusukuma kwa mguu, nikaweka mifuko kwenye kiti chake, nikaondoka mbio. Mfuko haufungwi vizuri ukiwa na glavu, na ukizivua vidole vinakufa ganzi. Mfuko wa kwanza ulinichukua dakika mbili. Wa nne ulinichukua tano, kwa sababu nilikuwa nafunga kwa meno. Nilikuwa nimebakiwa na kumi na tano, barabara ya kilomita tatu, na jua lilikuwa limeshagusa vilele vya misonobari.

Gari la kukodi likaja nyuma yangu taratibu, likasimama. Mama Ornella akashusha kioo.

"Binti, umeondoka bila kofia. Unalia?"

"Ni upepo tu," nikasema.

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Akanitazama. Akaitazama mifuko, akaitazama minne iliyofungwa kwenye fito, na nikaona anaanza kuelewa. Kisha, mbele yetu, kwenye kona, nikasikia kengele.

Gabba alikuwa barabarani. Nyuma yake walikuja wengine, mmoja mmoja, vichwa chini, wakitembea katikati ya lami kama watu wanaotoka kanisani.

"Sio taka," nikasema, na maneno yakanitoka yote kwa pamoja. "Ni alama ya kulungu. Madereva wanaitegemea. Ni jambo la tisa, sikuwaambia, nilikuwa nimechoka nikaweka vema tu. Lori la magogo hupita saa hizi."

Bwana Tullio alichukua mifuko mitatu na kile kizibao cha kung'aa kilichokuwa kwenye gari.

"Nimeendesha basi miaka thelathini na moja," akasema. "Gari zito kwenye barafu halisimami kwa sababu umelitakia. Ornella, baki na mtoto. Watoeni hao barabarani."

Mkewe akashuka, naye akalipitisha gari kando ya kundi kwa mwendo wa mtu anayetembea, akapotelea kwenye kona.

Mimi nikashuka kwenye theluji iliyonifika kiunoni, upande wa msitu, nikamwita Gabba kwa sauti ninayomwitia tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa na kiganja kimoja cha chakula mfukoni. Aliinua kichwa. Alifikiri. Kulungu ni wa kufikiri sana wakati usiofaa. Mama Ornella alikuwa nyuma yao akipunga mfuko mweusi, akisema nao kwa lugha yake kwa upole, kama anawapanga watoto wa darasa la kwanza. Gabba akashuka kutoka barabarani, akaja kwangu. Wakamfuata.

Wote walishuka isipokuwa ndama mmoja wa mwaka uliopita, aliyesimama pale akishangaa.

Tukasikia lori. Kwanza honi, ndefu, kisha breki zikilia juu ya barafu. Lilitokea kwenye kona likiwa limeshapunguza mwendo sana, likiteleza upandeupande na mzigo wake wa magogo. Lilisimama hatua chache kutoka tulipokuwa. Lakini lilisimama baada ya kumgonga ndama, si kabla.

Dereva alikuwa Sixten, mtu wa kijiji cha jirani. Alishuka, akamtazama ndama.

"Asingekuwepo yule bwana kwenye kona ningewafagia wote," akasema. "Na nyinyi pamoja nao." Akavua kofia, akaivaa tena. "Asubuhi nilipita, mifuko ipo. Sasa narudi, haipo. Nikajua Mahtte amehamisha kulungu, nikakanyaga mafuta. Mahtte hajanidanganya hata siku moja."

Mahtte ni baba yangu.

Sixten ndiye aliyepiga simu, kwa polisi kwanza kama sheria inavyotaka, kisha kwa baba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye sleji, nimemshika Gabba shingoni, na sikuweza kumtazama mtu.

Jioni tulikaa jikoni sote. Mama alikuwa amerudi kutoka kazini na bado hajavua koti. Supu ilikuwa mezani na hakuna aliyeigusa. Baba aliweka juu ya gazeti masikio mawili ya ndama, maana mwenye mnyama hutambuliwa kwa alama ya masikio. Nilitazama mikato ile nikajua mara moja. Alama ilikuwa ya shangazi Biret.

Shangazi alikuwa amebeba magunia tangu mvua ile ya Januari kwa ajili ya ndama yule na wenzake. Alikaa tu, mikono magotini, akiangalia gazeti.

Mama akaleta karatasi. "Vema zote zipo," akasema kwa sauti ndogo. "Hata ya tisa."

Baba akawageukia wageni. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na yeye hakuwa nazo.

"Niwieni radhi kuwauliza. Binti yangu aliwaeleza habari ya mifuko?"

Mama Ornella akanitazama, kisha akamtazama baba usoni.

"Alitueleza," akasema. "Vizuri sana. Ni sisi tuliosahau. Sisi ni wazee."

Bwana Tullio akainamia sahani yake.

Nilikuwa nimeokoka. Mtu mzima amesema, karatasi imesema, na kulungu hawasemi. Ningeweza kula supu yangu nikaenda kulala, na jinsi nilivyochoka ningelala mara moja. Nikamwona baba anatikisa kichwa polepole, akikubali, kama alivyokubali asubuhi niliposema mifuko yote ipo. Nikawaza kwamba sasa atawakasirikia watu hawa wema maisha yake yote, na ataniamini mimi.

"Baba, sikuwaeleza," nikasema.

Mama Ornella alifungua mdomo. Nikamwomba kwa mkono asiseme.

"Nilitia vema nikiwa nimeacha. Halafu waliponiletea mifuko sikukupigia simu, nikajaribu kuirudisha mwenyewe ili usijue. Wao waliposikia ukweli ndio waliosaidia. Shangazi, ndama wako amekufa kwa sababu yangu."

Shangazi Biret akainua kichwa. Ana ulimi mkali, na nilikuwa tayari.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Ila leo kifo kimempata asiyeficha kitu. We mtoto, mimi pia nimechoka. Nimechoka mpaka nywele. Umeshaniona nikisema nimelisha wakati sijalisha?"

"Hapana, shangazi."

"Basi kula supu yako, inapoa." Akavuta sahani yake, na machozi yakamdondokea humo.

Baba yeye alisema maneno machache tu. "Nimesikia. Kuanzia kesho mifuko nitaikagua mwenyewe."

Nilidhani adhabu hiyo ni ndogo, lakini nilikosea. Kila jioni nilifunga au kufungua mifuko, nikarudi na kusema, "Tayari, baba." Na kila jioni baba, aliyekuwa ameingia ndani dakika ile tu, aliinuka kwenye benchi, akavaa tena viatu vyake vilivyolowa, akaenda barabarani kuhesabu. Mara moja alijigonga mlangoni kwa usingizi. Sikukaripiwa hata siku moja. Nilikaa dirishani nikiitazama taa yake ikienda kutoka ufito hadi ufito, na nilitamani angenichapa yaishe.

Wale wageni waliondoka Jumapili. Mama Ornella alinikumbatia akaniambia aliongopa kwa kunihurumia, na kwamba nyumbani kwake huwakataza watoto jambo hilohilo. Tangu hapo kila mgeni aliyekuja nilimweleza mambo yote kumi na moja. Nikifika la tisa nilitoa mfuko mweusi nikampa aushike, nikamwomba anieleze yeye ni wa nini. Kalamu niliigusa baadaye.

Wiki ya tatu kulungu walihamishwa kwenda ng'ambo ya mto. Ilikuwa siku ya theluji nyingi, na nilikuwa nimetoka mtihani wa hesabu. Nilitembea kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Mfuko wa kumi na tatu ulikuwa umegandia ufito, nikaupasha kwa pumzi mpaka ukaachia. Nilipofika nyumbani baba alikuwa benchini, koti mwilini, kijiko mkononi.

"Umetoa yote?" akauliza.

"Yote, baba. Kumi na tisa. Mmoja umechanika."

Akavitazama viatu vyake pale mlangoni. Nami nikavitazama. Akanyoosha mkono kuvichukua, kisha mkono ukarudi.

"Risten, mwanangu, njoo," akasema. "Kuchoka si kosa. Sisi sote tumechoka. Lakini mtu aliyechoka hana pa kupumzikia isipokuwa neno la mwenzake. Sixten aliliegemea langu, mimi niliegemea lako. Vema kwenye karatasi na mfuko kwenye ufito ni kitu kimoja. Ni neno, na kuna mtu anaendesha juu ya neno hilo."

"Nimeelewa, baba."

"Najua. Mfuko uliochanika kausha, tutauziba kwa gundi."

Akaweka kijiko mezani, akajinyoosha kwenye benchi na koti lake, akafumba macho. Nilisubiri ainuke. Hakuinuka. Nikachukua viatu vyake vilivyolowa, nikavisogeza karibu na jiko, na alipoanza kukoroma nami nikaenda kulala.